Usingoje Mbavu Zihesabike

Wanangu, nasema nanyi wakati ng'ombe bado wana nyama mgongoni, kwa sababu maneno haya hayana faida yakisemwa Februari jua likiwa limeshakaa. Nasema na ninyi mnaofuga hapa Ngoliba na majirani zetu wa Gatuanyaga, Munyu na Magogoni, na hasa ninyi mliorudi kutoka Nairobi mkaweka akiba yenu, au mkopo wa sacco, kwenye ng'ombe wa maziwa. Nina onyo moja. Ukame huanza kuua siku ile mfugaji anapoahirisha uamuzi. Ng'ombe huanguka Machi, lakini alipotea Novemba, mwenyewe aliposema tungoje wiki nyingine, labda mvua itakuja.

Kwanza jueni mnaishi wapi. Mtu wa mbali akisikia Kiambu anawaza chai ya Limuru, ukungu wa Lari, na ng'ombe wa Githunguri wanaokatiwa majani mabichi ya napier mwaka mzima. Kaunti ni moja, mbingu ni mbili. Kule juu mvua hufika milimita 2,000 kwa mwaka. Huku kwetu upande wa chini wa Thika huweza kushuka hadi 600, na joto hupanda hadi nyuzi 34. Simama kwenye barabara ya Garissa utazame mlima Kilimambogo, kisha zungusha macho: nchi hii ni ndugu ya Yatta na Matungulu kuliko ilivyo ndugu ya Limuru. Kijana anakwenda Githunguri, anaona Friesian mkubwa anayejaza ndoo, anamnunua, anamteremsha kwa lori hadi Ngoliba, na anategemea maziwa yale yale. Ng'ombe yule hakuteremka na ubaridi wake.

Kuna jambo jingine ambalo vijana wengi hawalijui. Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame, iliyoundwa mwaka 2011, hutoa taarifa za kila mwezi kuhusu hali ya malisho, maji na bei za mifugo katika kaunti 23. Kitui imo. Embu imo. Hata Nyeri imo. Kiambu haimo. Simlaumu mtu, maana kaunti hutazamwa kwa jumla yake, na mvua ya Limuru inatufunika sisi wa huku chini. Lakini maana yake mwielewe vizuri: ukame unaweza kukaa Ngoliba miezi mitano bila kengele yoyote kupigwa kwa jina letu. Kwa hiyo kengele muipige wenyewe. Kipima mvua cha plastiki si ghali. Kifungeni kwenye nguzo mahali pa wazi, andikeni kila asubuhi kwenye daftari, na msome utabiri wa msimu ambao idara ya hali ya hewa hutoa kabla ya masika na kabla ya mvua ya mwisho wa mwaka. Someni pia taarifa ya Kitui, kwa sababu kinachowapata majirani wa chini kwa kawaida kinatupata na sisi.

Wazee wa rika langu wamepita mengi. Mwaka 1961 jua liliwamaliza ng'ombe wa Wamaasai wa Kajiado, kisha mwisho wa mwaka huo huo mafuriko yakaja juu ya waliobaki. Mwaka 1984 masika yalikataa kabisa, tukala mahindi ya njano yaliyoletwa na meli kutoka ng'ambo, na ng'ambo ya mto Athi watu walikuwa na pesa mfukoni na dukani hakuna unga wa kununua. Mwaka 2009 wafugaji waliswaga ng'ombe hadi ndani ya Nairobi wakitafuta majani ya kando ya barabara. Na huu wa juzi mnaukumbuka wenyewe: kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022 misimu mitano ya mvua ilishindwa mfululizo, jambo ambalo halikuwa limeonekana kwa miaka 40, na mifugo zaidi ya milioni 2.6 ikafa nchini.

Katika yote hayo nimeona kitu kimoja kikijirudia. Waliovuka hawakuwa matajiri kupita wengine. Walikuwa wale walioamua mapema. Mwaka 2009 serikali ilifungua milango ya Kenya Meat Commission pale Athi River inunue ng'ombe wa wafugaji waliozidiwa. Wengi walifika wakiwa mifupa mitupu, na baadhi walikufa pale pale wakisubiri zamu ya kuchinjwa. Wenye ng'ombe hao walikuwa na miezi ya kuuza kabla ya hapo, wakati dalali angempigia mtu simu kumbembeleza. Ukingoja hadi dalali ndiye anayebembelezwa, umeshauza bure.

Kwa hiyo wekeni tarehe mbili, mziandike ukutani. Mvua ya njahi tunaitegemea kuanzia katikati au mwisho wa Machi. Ikifika tarehe 20 Aprili na udongo haujalowa hadi kiwiko cha mkono, uzeni. Mvua ya mwere tunaitegemea kuanzia katikati ya Oktoba. Ikifika tarehe 20 Novemba na hali ni hiyo hiyo, uzeni. Msifanye mkutano, msiulize redio, msiangalie jirani anafanya nini. Waondoke kwanza madume, ng'ombe wazee, na yule aliyetiwa mbegu mara nyingi asishike. Wabaki mitamba wenye mimba na wakamuliwa wawili watatu bora. Najua inauma. Kwetu ng'ombe ni heshima, ni mahari, ni karo ya shule inayotembea kwa miguu minne. Lakini ng'ombe wanne walio hai baada ya ukame wanazaa, na kumi waliokufa hawana hata ngozi ya kuuza, kwa sababu ngozi ya mnyama aliyekonda haina mnunuzi. Pesa ya mauzo isiguswe kwa harusi wala kwa pikipiki. Hiyo ni pesa ya nyasi na ya kurudisha kundi.

Sasa tufanye hesabu ya nyasi, maana hapa ndipo wengi wanajidanganya. Ng'ombe wa kilo 400 anayekamuliwa anataka kilo 12 hivi za chakula kikavu kila siku. Wa kuvushwa tu, asiyetarajiwa kujaza ndoo, ataishi kwa kilo saba na nusu. Robota la kawaida la Boma Rhodes ni kilo 15 hivi, likiwa limebanwa vizuri. Basi ni nusu robota kwa siku. Kiangazi kibaya cha miezi minne ni marobota 60 kwa kichwa kimoja. Mwenye ng'ombe wanane na marobota 100 kwenye stoo anadhani amejiandaa, na ukweli ni kwamba ana chakula kisichowatosha hata wawili. Akienda kununua Februari atakuta kila mtu yuko njiani na bei imepaa, na robota lenyewe limepunguzwa uzito. Nunueni Juni na Julai, baada ya njahi, wakati wenye nyasi wanatafuta wateja. Na mabua ya mahindi msiyachome wala msiyaachie mchwa shambani. Yakatwe vipande vidogo, yanyunyiziwe maji yenye molasi, ng'ombe atakula. Wako wanaochanganya na mbolea ya urea ili kuongeza nguvu. Msijaribu kwa kusikia kwa jirani, kwa sababu kipimo kikizidi kidogo ng'ombe anakufa siku hiyo hiyo. Hilo lifanywe mbele ya mtaalamu wa mifugo.

Maji ni shida ya pili, na kwa joto letu hutangulia njaa. Mkamuliwa mmoja siku ya jua kali hunywa lita 60 hadi 80, yaani mitungi mitatu hadi minne. Maziwa yenyewe karibu yote ni maji. Ng'ombe asiponywa hakuna dawa ya kumwongezea maziwa. Tuko kati ya mito miwili na bado tunakosa. Mto Thika maji yake ya juu huzuiwa Ndakaini tangu mwaka 1994 ili Nairobi inywe. Athi unapita hapa chini, ukianguka pale Fourteen Falls, lakini kabla ya kutufikia umepokea uchafu wa mto Nairobi, wa majitaka na wa viwanda. Nimeona povu jeupe pale likitanda kama nguo iliyoanikwa. Msiwanyweshe ng'ombe wa maziwa maji yale ikiwa kuna njia nyingine yoyote, kwa sababu mtoto wa mtu atayanywa maziwa hayo.

Njia nyingine ipo juu ya vichwa vyenu. Milimita moja ya mvua ikianguka kwenye mita moja ya mraba ya bati ni lita moja ya maji. Bati la nyumba na la zizi likifika mita za mraba 60, hata katika mwaka wetu wa milimita 600, ni lita 36,000. Toa zinazomwagika, bado lita 30,000 unaweza kuzipata. Hizo zinawanywesha ng'ombe wanne kwa siku 100. Kijana anayejenga zizi la bati bila mfereji wa kukinga maji ananishangaza kila nipitapo. Tangi liwekwe kivulini, maana tangi jeusi lililoachwa juani hutoa maji ya moto saa nane mchana, na ng'ombe mwenye joto huyakataa au huyanywa kidogo, ndipo unapomwona ameshuka lita tatu na hujui kwa nini.

Hapo nafika kwenye joto lenyewe. Njaa unaiona kwenye mbavu, lakini joto humla ng'ombe akiwa bado amenona. Friesian yuko sawa hewa ikiwa chini ya nyuzi 25 hivi. Ikipita hapo, nguvu ya kutengeneza maziwa inaanza kutumika kuupoza mwili. Mtazameni mchana. Ng'ombe mwenye raha hulala na kucheua. Aliyezidiwa husimama muda mrefu, kwa sababu akisimama upepo unampita, na husogea karibu na maji. Hesabuni ubavu unavyopanda na kushuka kwa dakika moja: ikipita mara 60 ameanza kuteseka, ikipita 80 yuko taabani, na akifungua kinywa ulimi nje mate yakimtoka, mmwagieni maji mara moja pale penye upepo, yalowe hadi kwenye ngozi. Msimmwagie ndani ya zizi lililozibwa pande zote, maana mvuke utamrudia na kumchemsha zaidi. Na joto la leo hudaiwa baadaye. Jike aliyetiwa mbegu wiki ya jua kali mara nyingi hashiki, na mbegu za dume aliyeungua na joto hubaki dhaifu kwa karibu miezi miwili. Mnamlaumu mtu wa mbegu, na kosa liko kwenye paa.

Paa ndilo neno. Mazizi mengi ninayoyaona ni mabati yaliyowekwa chini, kuta zimezibwa, ng'ombe yuko kwenye tanuri. Inueni bati mita tatu au zaidi, acheni pande wazi, mgongo wa paa uelekee mashariki na magharibi ili jua lisiingie kwa upande mchana, na juu ya bati tandikeni nyasi au majani ya migomba. Kivuli kizuri hupunguza theluthi moja au zaidi ya joto la jua linalomfikia mnyama. Bora zaidi ni mti. Na hapa, wanangu, nina uchungu wa kweli, kwa sababu migunga iliyokuwa kivuli cha ng'ombe wa baba zetu imekwenda ndani ya magunia ya makaa, mingi ikikatwa na vijana wa hapa hapa kwa pesa ya siku moja. Mgunga hudondosha maganda yake wakati wa kiangazi, ng'ombe na mbuzi wakala. Mukau wa Ukambani hustahimili jua, majani yake ni lishe, na mbao yake inauzika. Anayefuga asiyepanda miti anafuga kwa mkopo. Pandeni sasa upande wa magharibi wa zizi, mahali jua la alasiri linapopigia.

Saa za kazi nazo zibadilike. Chakula kinapochachuka tumboni hutoa joto, na joto hilo hufika juu saa nne hadi sita baada ya kula. Ukimlisha mabua makavu saa tatu asubuhi unakuwa umemwashia moto tumboni saa nane mchana. Mpeni chakula kikuu kabla ya saa moja asubuhi na baada ya jua kushuka, usiku kucha hori liwe na kitu. Kwenda joshoni, kupakiwa kwenye lori, kuchanjwa, yote yafanywe alfajiri. Na mtoto au kibarua anayechunga asiachwe juani saa saba mchana bila maji ya kunywa na kofia. Nimewasikia watu wakiulizia ng'ombe wamerudi wangapi kabla ya kuuliza kama mchungaji amerudi.

Kuhusu mbegu ya ng'ombe, siwaambii muache Friesian. Nawaambia mchanganye. Jersey ni mdogo, anakula kidogo, na joto analivumilia kuliko Friesian. Sahiwal, ambaye asili yake ni Pakistan na India na ambaye amekuzwa pale Naivasha kwa miaka mingi, anatoa jasho vizuri na kupe hawamsumbui sana. Chotara wake atakupa lita chache kwa siku, lakini atakupa kila mwaka.

Sasa mauti yanayojificha ndani ya ukame. Njaa humfanya mfugaji alishe chochote. Mtama mchanga ulioduma kwa jua, na machipukizi yake yanayotoka baada ya manyunyu ya kwanza, hubeba sumu ya sianidi inayoua kwa dakika chache. Mahindi yaliyoota ukungu mliyokataa kuyala wenyewe msimpe ng'ombe. Mwaka 2004 sumu ya ukungu huo iliwaua watu 125 katika wilaya za Makueni, Kitui, Machakos na hapa hapa Thika, na sumu hiyo hupita kwa ng'ombe ikaingia kwenye maziwa. Ukiona ng'ombe anatafuna mifupa au mawe, mwili wake unalilia madini. Mnunulieni chumvi ya madini, na mifupa ya mizoga izikwe, kwa kuwa ina sumu inayolegeza viungo hadi mnyama ashindwe kuinuka. Na ng'ombe akifa ghafla, damu nyeusi isiyoganda ikimtoka puani au nyuma, asichunwe na mtu, asiliwe na mtu, hata kama nyumba ina njaa ya siku tatu. Hiyo ni kimeta. Ng'ombe anayekula nyasi fupi huokota vijidudu vyake udongoni, navyo hukaa humo miaka mingi. Mwiteni daktari wa mifugo, mzikeni mzoga mzima mzima kwenye shimo refu, na waliobaki wachanjwe.

Kiangazi kikizidi, watakuja wafugaji wengine na makundi kutoka mbali, barabara ya Garissa iko wazi. Msiwapokee kwa mishale. Hao nao wana watoto. Nendeni kwa chifu, wazee wa pande zote mbili wakae, mkubaliane mabua yapi yanauzwa, mto unafikiwa kwa njia ipi, na makundi yasichanganyike, kwa ajili ya ugonjwa wa miguu na midomo. Shamba lililoliwa bila mapatano huzaa kesi ya miaka.

Mvua ikirudi, msishangilie mapema. Ng'ombe wengi niliowaona wakifa katika ukame walikufa wiki ya kwanza ya mvua. Mnyama aliyebaki ngozi analowa usiku, baridi inampiga, hana mafuta ya kumpa joto. Asubuhi anaona majani mabichi, anajaza tumbo, linavimba, anaanguka. Katika wiki mbili hizo wadhaifu walale mahali pakavu, wale nyasi kavu kwanza kabla ya kutolewa, na malisho mabichi waongezewe kidogo kidogo. Kupe nao huamka na mvua, na ndigana haina huruma kwa aliyedhoofika, kwa hiyo josho lisikosekane. Wala msikimbilie sokoni kununua wa kurudisha kundi mwezi ule ule, bei itakuwa juu na magonjwa yatakuwa njiani.

Kabla ya kugawa shamba msimu ujao, tengeni nyasi kwanza, mahindi baadaye. Ekari moja ya Boma Rhodes iliyotunzwa, mvua ikiwa nzuri, hutoa marobota zaidi ya mia moja, na huvunwa tena bila kupandwa upya. Ikateni inapoanza kutoa maua, msingoje iwe kijiti, ianikwe siku mbili tatu na kuingizwa ndani kabla haijapauka. Mashine si lazima. Sanduku la mbao lisilo na mfuniko wala sakafu, urefu sentimita 85, upana 55, kimo 45, linatosha: tandika kamba, jaza nyasi, kanyaga kwa miguu, funga. Langu lipo, na atakayetaka kuchukua vipimo au kuliazima aje. Kamba aje nayo, iwe ya mkonge, maana ya nailoni ikisahaulika kwenye hori huishia tumboni.